Siku Kumi na Nne: Rufaa za Wafungwa na Ucheleweshaji Usio Wao



Nimeombwa nizungumze kuhusu wafungwa wanaochelewa kukata rufaa, na mahakama zinazowaruhusu kuikata nje ya muda. Si jambo la kuingia kwenye habari za saa moja. Hakuna waziri aliyeshtakiwa wala mabilioni yaliyopotea. Kuna mtu yuko gereza la Kamiti au la Lang'ata, ana karatasi mbili zilizoandikwa kwa mkono, na karatasi hizo zimefika Mahakama Kuu ya Milimani baada ya siku kumi na nne kupita.

Nitasema mapema ninakoelekea, ili asiyekubaliana nami aanze kuyapanga maswali yake. Sehemu kubwa ya ucheleweshaji huo si ya mfungwa. Ni ya Serikali: mahakama ambayo haijachapa mwenendo wa kesi, gereza ambalo halijapeleka karatasi, uhamisho kutoka gereza moja hadi jingine bila faili kufuata. Kisha mfungwa huyo huyo anafikishwa mbele ya jaji aombe radhi, na jaji anamsamehe kosa lililofanywa na waliomfunga. Nawaheshimu majaji wanaosamehe. Lakini mpango wenyewe umekaa upande.

Tuanze na sheria. Kanuni ya Utaratibu wa Jinai, Sura ya 75 ya Sheria za Kenya, ilianza kutumika tarehe 1 Agosti 1930, siku moja na Kanuni ya Adhabu. Kifungu chake cha 349 kinasema rufaa iwasilishwe ndani ya siku kumi na nne tangu tarehe ya amri au adhabu inayopingwa. Siku kumi na nne za kalenda, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Kila aliyewahi kukaa katika mahakama ya hakimu amewahi kuzisikia zikitajwa mwishoni mwa hukumu, kwa sauti ya haraka, wakati mshtakiwa akili yake imekwisha kutoka chumbani. Ameambiwa miaka saba. Yote yaliyosemwa baada ya "saba" hakuyasikia.

Lakini kifungu hicho hakiishii hapo. Kina nyongeza yenye sehemu mbili, na ninawaomba mzitenganishe, kwa sababu hata sisi mawakili huzichanganya. Sehemu ya kwanza inasema mahakama inaweza, kukiwa na sababu nzuri, kuipokea rufaa iliyochelewa. Hapo jaji ana hiari. Sehemu ya pili ni kali zaidi: mahakama lazima iipokee rufaa hiyo ikiridhika kwamba kuchelewa kumetokana na mkata rufaa au wakili wake kushindwa kupata nakala ya hukumu na ya mwenendo wa kesi ndani ya muda wa kiasi tangu alipoziomba. Hapo jaji hana hiari. Hampi mfungwa fadhila, anatekeleza amri ya Bunge.

Sasa nendeni masjala yoyote mkasome maombi ya wafungwa ya kukata rufaa nje ya muda. Karibu yote yameandikwa kana kwamba sehemu ya pili haipo. Naomba huruma ya mahakama hii tukufu. Mimi ni mtu maskini, sikujua sheria. Nilihamishwa. Familia yangu ilisema itaniwekea wakili. Maneno ya unyenyekevu mtupu, kutoka kwa watu ambao wengi wao, lau wangeeleza tu ni lini waliomba nakala na ni lini walizipata, wasingehitaji kuomba huruma ya mtu.

Tumchukue kijana wa kubuni, fundi wa kuchomelea vyuma wa Kawangware. Ameshtakiwa kuvunja duka huko Lavington usiku, kesi imesikizwa katika mahakama ya Kibera, na Ijumaa moja alasiri amehukumiwa miaka mitatu. Hana wakili. Jioni hiyo anapelekwa gereza la Industrial Area, ambalo kazi yake, pamoja na kuweka mahabusu, ni kuwapanga wafungwa wapya na kuwagawa kwa magereza mengine. Jumamosi na Jumapili zinapita akijifunza mahali pa kulala na nani wa kuogopa. Wiki inayofuata anaambiwa kwamba kuna ofisi ya nyaraka, na humo ndimo rufaa huandikwa. Anapanga foleni. Afande anamuuliza sababu zake za rufaa ni zipi. Anajibu kwamba hakufanya. Afande, ambaye si mtu mbaya na ameandikia wengi kabla yake, anamwambia hiyo haitoshi: aseme hakimu alikosea wapi. Kijana hajaiona hukumu. Aliisikia ikisomwa kwa Kiingereza, mkalimani akiifupisha.

Dada yake anakwenda Kibera kuomba nakala. Anaambiwa faili iko kwa hakimu. Anarudi, anaambiwa hakimu yuko likizo. Anarudi tena, anaambiwa faili imepelekwa kuchapwa, na alipe ada. Wakati huo kijana amekwisha hamishwa Naivasha, na huko ofisi ya nyaraka inaanza naye upya. Siku ya kumi na nne imepita zamani, na yeye hakulala hata siku moja.

Nimembuni, lakini sijui wakili wa jinai katika jiji hili atakayesema kwamba kisa chake ni cha ajabu. Na kuna jambo moja ambalo hunikera kila ninapopita njia hiyo. Siku hizi Mahakama Kuu ina kituo Kibera penyewe. Mahakama ambayo kijana anataka imsikilize iko jirani na chumba alichohukumiwa. Haikuhama. Aliyehamishwa ni yeye, tena si kwa matakwa yake, halafu anaulizwa kwa nini karatasi yake imechukua muda mrefu njiani.

Hesabu ya kifungo nayo haingoji. Chini ya Sheria ya Magereza, Sura ya 90, mfungwa mwenye mwenendo mzuri hupunguziwa theluthi moja ya kifungo chake, isipokuwa kwa makosa kadhaa makubwa. Miaka mitatu inakuwa miwili. Kama ombi la kukata rufaa nje ya muda limechukua miezi minane, na uchapaji wa mwenendo miezi mingine minane, rufaa inasikizwa mfungwa akikaribia kutoka. Wengi huona hivyo mapema na kuacha. Hao hawaingii katika hesabu ya waliosamehewa wala ya waliokataliwa. Walihesabu wenyewe kwa vidole wakaona haina maana, na ndio kundi ambalo hatulizungumzii kabisa tunapoisifu mahakama kwa upole wake.

Katiba ya 2010 inasemaje? Ibara ya 50(2)(q) inampa kila aliyepatikana na hatia haki ya kukata rufaa au kuomba mapitio katika mahakama ya juu zaidi. Ibara ya 50(5) inampa haki ya kupata nakala ya mwenendo wa kesi ndani ya muda wa kiasi baada ya kesi kwisha, kwa ada ya kiasi. Ibara ya 48 inaitaka Serikali ihakikishe watu wote wanaifikia haki, na kama kuna ada, isiwe ya kumzuia mtu. Ibara ya 159(2)(d) inaziambia mahakama zisiabudu utaratibu. Ukizisoma pamoja unaona kwamba aliyeiandika Katiba alijua mlango unafungiwa wapi. Nakala ya mwenendo ndiyo ufunguo, na ufunguo huo uko mikononi mwa mahakama.

Mtaniambia kuchapa ni kazi. Ni kweli. Mahakimu wetu kwa miongo mingi wameandika ushahidi kwa mkono, neno kwa neno, mashahidi wakingoja kalamu. Makarani ni wachache na faili ni nyingi. Lakini historia ya nchi hii inatuambia kwamba Serikali ikitaka, karatasi hukimbia. Kiongozi wa Mau Mau, Dedan Kimathi, alihukumiwa kifo Nyeri tarehe 27 Novemba 1956. Rufaa yake ilikwenda Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ikakataliwa, ombi lake likavuka bahari hadi Baraza la Faragha London likakataliwa pia, na tarehe 18 Februari 1957 akanyongwa Kamiti. Ngazi zote hizo kwa siku 83. Hakuna karani aliyesema faili iko likizo. Simsifu mkoloni kwa kasi hiyo, maana sote tunajua alikuwa akiharakia nini. Nasema tu kwamba kabla ya kompyuta, kwa taipureta na ndege za wakati ule, mwenendo wa kesi ya jinai uliweza kuchapwa na kufika London na jibu likarudi, kwa muda ambao leo mtu wa Kangemi anautumia kutafuta faili ndani ya Nairobi.

Nirudi kwenye sheria, kwenye kifungu ambacho kingeweza kutuponya kikisomwa vizuri. Kifungu cha 351 kinasema mkata rufaa aliye gerezani anaweza kumkabidhi mkuu wa gereza hati yake ya rufaa, na mkuu wa gereza ataipeleka kwa msajili wa Mahakama Kuu. Kwa maneno mengine, sheria imemweka mkuu wa gereza kuwa dirisha la mahakama. Mfungwa hawezi kwenda Milimani. Hawezi kumtuma mtu wa pikipiki. Sheria imemwambia: mpe huyu. Ameshampa. Basi kuna haki gani ya kuendelea kumhesabia siku ambazo karatasi imelala mezani kwa huyo aliyepewa?

Kanuni za Mahakama ya Rufani zililiona hili tangu zamani. Zina kipengele kwamba mfungwa akishampa mkuu wa gereza alimofungwa taarifa ya rufaa, kwa maandishi au hata kwa mdomo, anahesabiwa kuwa ametimiza sharti la kuwasilisha. Hata kwa mdomo! Lakini hiyo ni ngazi ya juu, ambako mfungwa wa kesi ya hakimu hufika baada ya kupita Mahakama Kuu, tena kwa hoja za kisheria tu. Ngazi ya chini, ambako ndiko wengi waliko na ambako ukweli wa kesi bado unaweza kuangaliwa upya, kifungu cha 351 hakikutamka kwamba siku ya kukabidhi ndiyo siku ya kuwasilisha. Kikanyamaza. Na ukimya wa sheria, mfungwa ndiye huulipia.

Marekani walipita hapo mwaka 1988. Katika kesi ya Houston dhidi ya Lack, mfungwa wa Tennessee asiye na wakili alikuwa na siku thelathini za kutoa taarifa ya rufaa dhidi ya uamuzi uliokataa ombi lake la kupinga kufungwa. Aliikabidhi kwa maofisa wa gereza siku ya 27. Mahakamani ikapigwa muhuri siku ya 31. Mahakama ya chini ikasema umechelewa kwa siku moja. Mahakama ya Juu, kwa kura tano dhidi ya nne, ikasema hakuchelewa: taarifa ya mfungwa asiye na wakili inahesabiwa imewasilishwa pale anapoikabidhi kwa gereza. Jaji Brennan, aliyeandika uamuzi huo, alitoa sababu ambazo zingeweza kuandikwa Industrial Area. Mfungwa hawezi kusimama kwenye kaunta aone muhuri ukigongwa. Hawezi kupiga simu kuuliza kama barua imefika. Hana budi kumwamini mlinzi ambaye pengine ana sababu ya kuichelewesha. Na gereza lina daftari la barua zinazotoka, kwa hiyo tarehe ya kukabidhi si siri, inaweza kuthibitishwa.

Hata hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Tanzania, kwenye Sheria yao ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, mkata rufaa kutoka mahakama ya chini hutoa taarifa ndani ya siku 10 na kuwasilisha hati ya rufaa ndani ya siku 45, na zile siku za kusubiri nakala ya mwenendo na hukumu hazihesabiwi. Hebu lisikilizeni hilo vizuri. Kwao kusubiri nakala hakuhesabiwi. Kwetu kunahesabiwa, kisha unaandika ombi, unaapa hati ya kiapo, unafunguliwa faili mpya yenye namba yake, unasubiri kuletwa mahakamani, na hatimaye jaji anakuambia siku hizo hazikuhesabiwa. Tunafika mahali pale pale baada ya kuzunguka mtaa mzima. Sisemi magereza ya Tanzania hayana matatizo ya rufaa, yanayo. Lakini kwa hili wametuzidi.

Nimesema jaji anasamehe. Anasamehe kwa kipimo gani? Hapa kuna jambo la kuchekesha kidogo, kama mna ucheshi wa kisheria. Kipimo ambacho mahakama zetu hukitaja sana kinatokana na uamuzi wa Mahakama ya Rufani ambao mawakili huujua kwa jina la Mutiso, uliotokana na ombi la mwaka 1997: muda uliochelewa ni mrefu kiasi gani, sababu ni nini, rufaa ina nafasi gani ya kufaulu, na upande wa pili utaumia kiasi gani. Ilikuwa kesi ya madai. Kipimo kingine kilitolewa na Mahakama ya Juu mwaka 2014, pale Nicholas Salat alipoishtaki Tume ya Uchaguzi: kuongezewa muda si haki ya mtu, ni fadhila ya mahakama kwa anayestahili, na mzigo wa kueleza ucheleweshaji ni wake. Ilikuwa kesi ya uchaguzi. Vipimo hivyo viwili vilikatwa kwa watu waliokuwa huru, wenye mawakili, wanaoweza kupanda gari hadi City Hall Way. Kisha tukamvika mfungwa.

Tazameni vinavyomkaa. Nafasi ya kufaulu: ataionyeshaje naye hajaiona hukumu anayoipinga? Madhara kwa upande wa pili: upande wa pili ni Jamhuri. Katika mgogoro wa shamba, aliyeshinda amekwisha jenga, amekwisha uza, amekopa benki, na kuifufua kesi kunamwumiza kweli. Jamhuri imejenga nini juu ya kifungo cha mtu huyu? Faida pekee ambayo Jamhuri inaweza kudai ni ile ya kumweka ndani mtu ambaye pengine hakupaswa kuwa ndani, na hiyo sioni jinsi ya kuiita madhara ikipotea. Ndiyo maana mara nyingi kiongozi wa mashtaka husimama na kusema hapingi ombi, na jaji huliruhusu kwa aya mbili. Kama upande mmoja haupingi na jaji huruhusu, kwa nini tunautunza utaratibu huo? Tunautunza kwa sababu uko kwenye kitabu.

Na si kila jaji huruhusu. Wapo wanaotaka kila mwezi uelezwe, na mfungwa aliyekaa kimya miaka minne hana stakabadhi za ukimya wake. Jaji mmoja ataona umaskini na kutojua sheria kuwa sababu nzuri, mwenzake mlango wa pili ataona si sababu. Haki ya kikatiba inabaki kutegemea umepangiwa chumba kipi.

Linganisheni na wakili wa Westlands. Tangu tarehe 1 Julai 2020, wakati Jaji Mkuu alikuwa David Maraga, mahakama za Nairobi zimepokea nyaraka kwa mtandao. Wakili huyo anaweza kukumbuka rufaa yake saa tano na nusu usiku siku ya mwisho, akaituma kutoka sebuleni kwake kabla siku haijaisha, akalala. Sheria ni moja, siku ni kumi na nne zile zile. Mfungwa haruhusiwi simu. Kila hatua ya maendeleo tuliyoipiga mjini imemwacha nyuma zaidi bila mtu yeyote kukusudia.

Sasa niwajibu wenye shaka, maana wako humu na shaka yao ni ya haki. Wa kwanza atasema: kesi lazima ziwe na mwisho. Mama wa Kangemi aliyeuliwa mwanawe hawezi kuitwa kila baada ya miaka mitano kuambiwa faili imefunguliwa upya. Namuunga mkono mama huyo kuliko anavyodhani. Rufaa inayosikizwa baada ya miaka tisa ndiyo hatari zaidi kwake. Tangu uamuzi wa Fatehali Manji wa mwaka 1966, mahakama zetu huamuru kesi isikizwe upya pale tu haki inapodai hivyo, na huangalia kama mashahidi bado wanapatikana na kama mfungwa amekwisha tumikia sehemu kubwa ya kifungo. Rufaa ikifika mapema na kasoro ikaonekana, kesi inaweza kurudiwa. Ikichelewa mno, mashahidi wamehama au wamekufa, vielelezo vimeoza stoo, na mtu anaachiliwa bila kujulikana kama alitenda au hakutenda. Mama hapati jibu. Basi anayewatakia mema waathiriwa angetaka rufaa ziwahi, na hazitawahi kwa kumfokea mfungwa. Zitawahi kwa kumpa hukumu yake mkononi.

Wa pili atasema: wapo wanaolala kweli. Wapo. Nimewatetea baadhi yao. Kuna aliyekubali adhabu yake, akakaa miaka kumi, kisha akasikia jambo jipya akazinduka. Tarehe 14 Desemba 2017 Mahakama ya Juu iliamua katika kesi ya Muruatetu kwamba adhabu ya kifo ya lazima kwa kosa la mauaji inakwenda kinyume cha Katiba. Habari hiyo ilienea magerezani kuliko tangazo lolote la serikali, na maombi yakamiminika, hata ya watu ambao kesi zao hazikuhusu mauaji. Tarehe 6 Julai 2021 Mahakama hiyo ikalazimika kufafanua kwamba uamuzi wake ulihusu mauaji peke yake. Mawakili wenzangu husimulia kipindi hicho kama ushahidi kwamba wafungwa ni watu wa kubahatisha. Mimi nakisoma tofauti. Kinaonyesha kwamba mfungwa akipata habari anayoielewa, hutenda upesi sana. Waliochelewa miaka kumi waliandika ndani ya wiki chache walipojua kuna mlango. Kwa aliyelala kweli, ile sehemu ya kwanza ya kifungu cha 349, yenye hiari, inatosha kabisa, aende ajieleze. Lakini asichanganywe na yule wa Kawangware.

Kuna kundi la tatu ambalo si la kulala wala la kukwama. Ni la kuogopa. Mahakama Kuu inaposikiliza rufaa ya adhabu ina uwezo wa kuiongeza. Kule ndani jambo hili hugeuka hadithi: fulani alikata rufaa ya miaka kumi akarudi na maisha. Mahakama ya Rufani ilisema mwaka 2013, katika uamuzi unaoitwa JJW, kwamba mfungwa lazima aonywe mapema kabla ya kuongezewa adhabu ili apate nafasi ya kujitetea au kuiondoa rufaa yake. Onyo hilo linamlinda. Lakini atalijuaje akiwa hana wa kumwambia? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliunda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria kwa ajili ya mambo kama haya, na bado kwa mfungwa wa kawaida msaada wa kwanza hutoka kwa mfungwa mwenzake. Kamiti na Lang'ata kuna wafungwa waliosomea sheria kwa mtaala wa Chuo Kikuu cha London wakiwa ndani, kupitia shirika ambalo sasa linaitwa Justice Defenders. Morris Kaberia, aliyekuwa polisi kabla ya kuhukumiwa kifo, alisoma humo, na mwaka 2018 akatoka huru baada ya hukumu yake kufutwa. Kazi wanayoifanya ni nzuri. Lakini ni aibu ya nchi kwamba mshauri wa sheria anayepatikana kwa urahisi zaidi gerezani amevaa sare za kifungo.

Ninachopendekeza si kikubwa. Bunge likiongezee kifungu cha 351 sentensi moja: siku mfungwa anapomkabidhi mkuu wa gereza rufaa yake ndiyo siku ya kuiwasilisha. Kila ofisi ya nyaraka iwe na muhuri wa tarehe na daftari, na mfungwa abaki na nakala iliyogongwa. Siku za kusubiri mwenendo zisihesabiwe, kama kwa jirani zetu. Na hakimu anayesoma hukumu iliyokwisha chapwa amkabidhi mshtakiwa nakala kabla hajashuka kizimbani. Kama karatasi imeweza kusomwa, inaweza kutolewa nakala mbili. Hata kabla Bunge halijafanya lolote, jaji yeyote wa Milimani au Kibera anaweza kukisoma kifungu cha 351 pamoja na Ibara ya 48 na kuamua hivyo kesho asubuhi. Natamani nimsikie wa kwanza.

Kwenu ninyi msio mawakili, nina neno la matumizi. Ndugu yako akifungwa, usianze kwa kutafuta pesa za wakili. Siku hiyo hiyo, au kesho yake mapema, nenda masjala ya mahakama iliyomhukumu na barua fupi: namba ya kesi, jina lake, tarehe ya hukumu, na maneno kwamba anaomba nakala ya hukumu na ya mwenendo kwa ajili ya rufaa. Beba nakala mbili. Moja iache, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, uihifadhi. Mwambie naye huko ndani aandike barua kama hiyo kupitia mkuu wa gereza na akumbuke siku aliyoikabidhi. Sehemu ya pili ya kifungu cha 349 inamlinda aliyeomba nakala na kucheleweshwa. Asiyeweza kuonyesha kwamba aliomba anabaki na huruma ya jaji tu. Muhuri huo ndio utakaomlazimu jaji kuipokea rufaa, hata ikifika baada ya mwaka.